Usimwulize "Unanikumbuka?": mwongozo kwa anayemlea mzee mwenye demensia nyumbani

Kila mgeni aliyeingia kwetu Ngamiani, Tanga, alianza na swali lile lile. Anavua viatu, anakaa mkekani mbele ya mama, anamsogezea uso: "Mama, unanikumbuka? Mimi nani?" Mama anatabasamu kwa adabu huku macho yananitafuta mimi, kama mwanafunzi anayemtafuta mwenzake ampe jibu. Mgeni akishaondoka, mama hakai wala halali. Anazunguka chumbani hadi usiku, anafunua makabati, anauliza nani kafa.

Nilikaa karibu miaka miwili kabla ya kuelewa kwamba lile swali, japo linatoka kwenye mapenzi, ni mtihani, na mama alikuwa akifelishwa mara ishirini kwa siku. Mengi niliyojifunza baadaye yanatokana na hilo moja: acha kumtahini. Mengine ni kazi za mikono, za mfukoni na za vikao vya ukoo.

Mama alikuwa na demensia, yaani akili na kumbukumbu zinazofifia hadi kazi za kila siku zinamshinda mtu. Nimemlea kwa miaka saba, mimi kitindamimba, tena mwanamume, jambo lililoleta magumu yake kama utakavyoona. Si daktari. Nilipoandika "nenda hospitali", nenda kweli.

Anza na daftari, kisha hospitali

Kwetu husemwa "uzee umemwingia", na habari inaishia hapo. Kusahau chumvi kwenye mchuzi ni uzee, au haraka tu. Lakini mwanamke aliyepika wali wa nazi kwa miaka hamsini akisimama mbele ya sufuria hajui baada ya tui kinafuata nini, huo si uzee.

Nunua daftari la shilingi chache. Kwa wiki mbili andika tarehe, saa na kilichotokea, bila maoni yako: "Jumanne, saa kumi na moja jioni, kandambili kwenye friji." "Alhamisi, ameuliza mara tisa kama watoto wametoka shule." Andika lini mambo yalianza, na kama yalikuja polepole au yalishuka ghafla kama mtu anayeteremka ngazi. Kusanya dawa zote anazomeza, za hospitali, za duka na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja uende nao.

Safari hii ina faida hata kama moyoni umeshajua jibu, kwa sababu yapo maradhi yanayovaa sura ya demensia na yanatibika. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, sukari inayopanda na kushuka, damu iliyovilia kichwani kwa sababu ya kuanguka wiki kadhaa nyuma, sonona baada ya kufiwa. Na dawa zenyewe: vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama klofeniramini, au amitriptilini wanayopewa wengi kwa maumivu na usingizi, vinaweza kumvuruga mzee akili. Mwombe daktari apitie kidonge kimoja kimoja.

Macho na masikio msiyaache. Sehemu ya "kusahau" kwa mama ilikuwa nta iliyojaa masikioni; hakuwa amesahau tulichomwambia, hakukisikia.

Mara ya kwanza kijana mmoja aliyevaa koti jeupe aliniambia, "Mzee wa miaka sabini na sita unataka akumbuke nini?" Nikarudi nyumbani nimenywea. Mara ya pili nilikwenda na daftari, nikamfungulia mwingine ukurasa wa kwanza, akavuta kiti. Kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na vituo vingi vya serikali vina dirisha la wazee. Ulizia utaratibu wa msamaha wa malipo kabla ya kupanga foleni. Hospitali ya wilaya ikishindwa, omba rufaa hadi ya mkoa, na juu yake zipo Muhimbili, KCMC kule Moshi na Mirembe ya Dodoma, ya magonjwa ya akili. Ukielekezwa kliniki ya afya ya akili usikimbie kibao cha mlangoni. Kwa Kenya kuna pia chama cha wagonjwa na familia zao, Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, kinachokutanisha walezi.

Jambo moja la kubandika ukutani: aliyekuwa anazungumza vizuri jana, leo anaweweseka, analala mchana kutwa au anaona watu ukutani, usiseme ugonjwa umezidi. Demensia kwa kawaida haiendi mbio hivyo. Mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji au dawa mpya, na ni hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, ni kiharusi. Ondoka muda huo huo.

Mkeka unaofumuka

Demensia ni jina la hali, na maradhi yanayoileta ni mengi. Linaloongoza ni Alzheimer, lenye kama asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Limepewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyelieleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu. Linalofuata hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo presha na sukari zina mkono mkubwa. Ndiyo maana dawa ya presha ya mzee huyu haiachwi hata siku moja.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kama sita katika kila mia wana demensia, na karibu wote hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Mimi nilielewa kwa mkeka. Mama alikuwa msusi wa ukili. Mkeka ukianza kufumuka, huanzia ukingo ulioshonwa mwisho. Chai ya asubuhi inapotea kabla ya saa nne. Wajukuu wanapotea kabla ya watoto. Harusi yake inabaki, na nyumba ya baba yake Pangani inabaki imara, na kisima chake, na jina la mbuzi. Lugha pia ni hivyo. Mama alizaliwa kwenye Kizigua, Kiswahili kikaja baadaye, na mwaka wa tano alianza kuninong'oneza Kizigua ambacho mimi nakisikia nusu nusu. Nilimfuata bibi mmoja barabara ya tatu kutoka kwetu, Mzigua kama yeye, nikamwomba awe anakuja jioni mbili kwa wiki. Kama mzee wako alikuwa na lugha ya nyumbani, mtafute wa kuzungumza naye mapema, ungali unaweza kujifunza maneno ya maji, maumivu, choo na njaa.

Maneno: hapa ndipo penye kazi

Jitambulishe wewe kwanza, kila siku, kila unapoingia. "Shikamoo mama. Mimi mwanao wa mwisho, nimekuletea chai." Usiache pengo la kujaza. Wageni nilianza kuwadaka barazani kabla hawajavuka kizingiti: mtaje jina lako na wa nani, mwamkie, kaa, mwelezee jambo la zamani wewe mwenyewe. "Mimi mtoto wa Bi fulani wa Makorora, ulikuwa unatuuzia vitumbua." Ukiwa umempa jibu kabla ya swali, uso unafunguka.

Sema jambo moja, kisha nyamaza. "Mama, twende ukaoge, halafu uvae lile gauni la bluu, dada anakuja" ni mambo manne. "Simama, mama" ni moja. Hesabu kimya hadi kumi kabla ya kurudia, na urudie kwa maneno yale yale, kwa sababu ukiyabadilisha anaanza upya kuyapekua.

Swali likirudi mara ya kumi, jibu kama la kwanza. Ni kazi, najua. Lakini mara nyingi kinachorudi ni hofu iliyovaa swali. "Watoto wametoka shule?" Niliposema "Wote wapo, wamekula, wamelala," alitulia nusu saa. Niliposema "Watoto gani, mama, mimi nina miaka arobaini," alilia.

"Nataka kwenda kwetu." Hili utalisikia, hata kwa mzee aliyekaa nyumba hiyo hiyo tangu ujana. Usimbishie kwamba hapa ndipo kwao. Mwulize kwao kukoje. Mama alinieleza Pangani, mto, pantoni, miembe. Tulikwenda "Pangani" mara nyingi kwa kuzunguka msikiti na kurudi kwa mlango wa nyuma. "Tumefika?" "Tumefika, mama. Karibu." Kuna wanaoona huo ni uongo. Nililiwazia sana jambo hili, na bado naona kumkabidhi mtu ukweli asioweza kuubeba si uaminifu.

Hasa kuhusu marehemu. Baba alikwishafariki miaka kumi na mmoja mama alipoanza kumwulizia. Mara ya kwanza nilimwambia, na akaomboleza kama kwamba maiti iko ndani. Kesho yake akauliza tena. Sikumfisha baba mara ya pili. Nilisema, "Unamkumbuka baba leo, mama? Alikuwa anapenda nini?" tukaongea habari zake hadi swali likapotea lenyewe.

Tuhuma za wizi zinauma kuliko zote, na aghalabu humwangukia anayemhudumia zaidi. Khanga zake zimeibwa, hela zimeibwa, mwizi ni mkwe. Mke wangu alibeba jina hilo mwaka mzima. Asijitetee, atafute naye. Nunua khanga ya pili ya doti ile ile anayoipenda. Acha noti ndogo ndogo kwenye kipochi chake azihesabu. Jifunze maficho yake: mama aliweka kwenye kinu, chini ya godoro, na ndani ya birika la udhu. Wote nyumbani waambiwe mapema kwamba tuhuma hizo zitakuja, ili zikija zisivunje ndoa.

Mchana na magharibi

Mpangilio wa siku unamsaidia kuliko kumbukumbu. Kuamka, chai, kuoga, kazi, chakula, kulala kidogo, kutembea: saa zile zile, mahali pale pale. Na "kazi" namaanisha kazi. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote ukimkalisha kwenye kiti akodolee televisheni, atatafuta ya kufanya, na atakayoipata hutaipenda. Mama alichambua mchicha, alipepeta mchele, alikunja nguo zile zile mara nne. Alisuka ukili mikono ikiwa bado inajua, miaka miwili baada ya kusahau jina langu. Mbuzi ya kukunia nazi tuliificha.

Kule Hai walijaribu pia mazoezi ya vikundi kwa wazee wenye demensia nyepesi hadi ya kati: vikao 14, viwili kwa wiki, watu wanaimba, wanaongea habari za zamani, wanashika vitu na kuvitaja, kwa uchangamfu bila kusahihishana. Hali za wazee zilipata nafuu. Huhitaji mtaalamu kuiga roho yake sebuleni. Wimbo wa harusi, kaswida, nyimbo za kanisani, vyovyote alivyokulia navyo.

Saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku ndiyo saa ngumu. Giza linapoingia anachanganyikiwa, anataka kutoka, anakuwa mkali. Washa taa kabla jua halijazama, funga mapazia, punguza kelele, usimpe kahawa wala chai ya rangi kali baada ya alasiri. Usipange kumwogesha wala kupokea wageni saa hizo.

Ibada ilitusumbua: alirudia rakaa bila mwisho, na Ramadhani aling'ang'ania kufunga huku hakumbuki kama amekula. Sheikh wa mtaani alitutuliza kwamba aliyepotewa na akili hana dhambi kwa kilichompita. Tukaswali kando yake kwa sauti ili afuate, na mchana tulitandika mkeka tukasema "Karibu mama," naye akala.

Nyumba, mlango na mtaa

Tembea nyumbani kwako kama vile kuna mtoto wa miaka mitatu mwenye nguvu za mtu mzima. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, sumu ya panya, dawa za kufulia, viberiti, visu, vidonge vya watu wote: kabati lenye kufuli. Jiko la mkaa lisiachwe likiwaka ndani. Kisima kifunikwe. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondoke njiani, taa ya chooni ikeshe. Kioo tulikifunika kwa khanga alipoanza kugombana na bibi aliyemwona mle.

Kutoroka karibu kila familia itakutana nako. Weka komeo juu kabisa ya mlango au chini kabisa, ambako hatazami. Lakini usimfungie ndani peke yake ukaondoka. Moto ukitokea hana wa kumfungulia. Shona namba yako ya simu kwenye pindo la nguo zake zote, na uwe na picha yake ya mwezi huu kwenye simu.

Kisha nenda kwa watu. Kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa balozi, kijiwe cha bodaboda, duka la kona, msikitini au kanisani. Sema wazi: "Mama yangu ana ugonjwa wa ubongo, anasahau njia. Mkimwona peke yake, msimkimbize, mwamkieni, mpigieni simu hii." Niliona haya kwa mwaka mzima kusema hivyo. Siku mama alipopotea, kijana wa bodaboda ndiye aliyemleta, amemkuta njia ya kwendea Pangani, viatu mkononi. Ukitafuta, anza na maji, visima na mitaro, kisha njia ya kwao kwa zamani, na tangazo la kipaza sauti cha msikiti lipigwe mapema, si baada ya magharibi.

Kuwaambia majirani kuna sababu nyingine nzito. Bibi anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kuni, amekuwa akiitwa mchawi. Usukumani na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Ugonjwa ukiwa na jina mtaani kabla ya uvumi, uvumi unakosa pa kukaa. Ukisikia neno hilo likitajwa hata kwa mzaha, nenda ofisi ya mtaa na polisi bila kusubiri.

Maji, choo na sahani

Hapa ndipo jinsia yangu iliponikwamisha. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na mama, hata alipokuwa hajui jina langu, alijua kwamba mimi mwanamume. Waliotuokoa ni wajukuu wa kike, kwa sababu bibi na mjukuu wana utani, na utani huo ulibaki. "Twende mke mwenzangu, ukakoge, bwana anakuja!" Anacheka huku anavuliwa. Panga mapema nani anaweza kufanya nini bila kuvunja staha ya mzee. Kama hakuna ndugu wa jinsia yake, huyo ndiye msaidizi wa kwanza wa kumlipa.

Maji yawe ya vuguvugu, tayari, kabla hujamwita. Saa iwe ile aliyozoea kuoga maisha yake yote. Mfunike khanga, fungua sehemu unayoosha tu, maji yaanzie miguuni, si kichwani. Akikataa, acha, rudi baada ya nusu saa. Siku nyingine kitambaa na maji ya beseni vinatosha. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga Jumatano.

Choo: mpeleke kila baada ya saa mbili au tatu bila kumwuliza kama anahitaji. Nguo zenye mpira kiunoni, mlango wa choo uachwe wazi aone. Akihangaika bila sababu, fikiria kwanza haja kubwa iliyokwama, mkojo unaochoma, jino, njaa. Hawezi kukuambia kinachomuuma, kwa hiyo anakusukuma.

Chakula: sahani moja, chakula kimoja kimoja, rangi ya sahani isifanane na wali. Samaki achambuliwe miiba na watu wawili tofauti. Mkao wa kula ni wima, na abaki wima nusu saa baadaye. Akianza kukohoa kila anapomeza, mwambie daktari; uji mzito mara nyingi unapita salama kuliko maji matupu, na chakula kinachoingia njia ya hewa ndicho kinacholeta nimonia. Usimlazimishe kwa kijiko.

Kuhusu dawa, kwa ufupi

Hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Zipo, kama donepezili, zinazowasaidia baadhi ya watu kwa muda. Uliza bei na faida kabla ya kuuza ng'ombe. Anayekuuzia unga wa "kurudisha kumbukumbu", mwepuke. Na ukiandikiwa haloperidoli au dawa za jamii yake ili "atulie", uliza: kwa ajili ya nini hasa, kwa muda gani, lini tunaipunguza? Kwa wazee wenye demensia dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Kuna hali zinazozihitaji. Kumrahisishia mlezi usiku si mojawapo.

Pesa, hati na kikao cha ukoo

Yafanyeni mapema, angali anajua anachosaini. Hati ya nyumba au shamba iko wapi, nani ana namba ya siri ya simu yake, pensheni inaingia wapi, wosia upo. Saini ya mtu ambaye akili imeshaondoka itapingwa mahakamani, na itagombanisha watoto wake juu ya kaburi. Nendeni kwa wakili au msaada wa kisheria mkaulize kuhusu hati ya uwakilishi, na hasa kinachotokea kwa hati hiyo akili ikipotea kabisa. Anayeshika hela za mzee aandike kila shilingi kwenye daftari ambalo ndugu yeyote anaweza kulifungua. Mimi liliniokoa.

Kikao cha familia kiitwe na mtu mnayemheshimu wote, mjomba au shangazi, si wewe uliyechoka. Usiende kulalamika, nenda na orodha. Nilimwandikia kila mmoja kitu kimoja chenye jina: dada aliye Muscat, mshahara wa msaidizi; kaka wa Dar, nepi na safari za kliniki; wa Korogwe, kuja kulala hapa wikiendi moja kwa mwezi ili mimi niondoke. "Mkipata nafasi mtusaidie" haikuwahi kuleta hata sabuni. Na ndugu anayepiga simu Jumapili kutoa maelekezo, mkaribishe akae siku tatu na usiku wake. Kaka alikaa mbili, akaacha kutoa maelekezo.

Msaidizi wa kazi naye ana siku ya mapumziko, mshahara kwa tarehe, na asiachiwe mzee usiku na mchana. Mwonyeshe namna ya kufanya, si kumwambia tu.

Wewe

Mwaka wa nne nilimvuta mama mkono kwa nguvu hadi ukaacha alama. Alikuwa amemwaga uji mara ya tatu. Naandika hili kwa sababu sikumsikia mtu yeyote akilisema, na nilidhani mimi pekee ndiye mwovu. Kabla ya mkono kuna dalili: taya linauma, unaongea peke yako jikoni, unatamani ajali. Ukifika hapo, hakikisha ameketi salama, toka nje, funga mlango, kaa barazani hadi pumzi irudi. Kisha mpigie mmoja wa wale kwenye orodha, usiku huo huo.

Pima presha yako siku unayopima yake. Mgongo wako una njia ya kuulinda: kunja magoti, msogeze kwa shuka, usimbebe kwa kiuno. Usiku mmoja kwa wiki ulale nyumba nyingine, hata kwa jirani. Tafuta mwingine mwenye mzee kama wako. Muuguzi wa kliniki anawajua. Sisi tuko wanne, tunakutana kwa kahawa na kashata, na tunacheka mambo ambayo mtu mwingine angetuona tumekosa adabu. Utaombea yaishe, halafu utajichukia kwa kuomba. Wote wanne tumeomba.

Akishalala kitandani

Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kadiri mnavyoweza kupokezana. Kagua visigino, nyonga na mkia wa mgongo kila unapombadilisha. Ngozi ikiwa nyekundu na haipauki ukiibonyeza, kidonda kimeanza, asiilalie tena wala usiisugue. Shuka lisiwe na mikunjo, mwili usikae na unyevu. Mdomo ukaukao upangusie kitambaa chenye maji. Maumivu yasome usoni: kipaji kilichokunjamana, mkono unaovuta shuka. Mwambie daktari unachokiona, uombe dawa ya maumivu. Na mkubaliane na ndugu mapema, kikaoni na si korido ya hospitali, kama mtamkimbiza hospitali kila homa inapopanda au mtamtunza pale alipo.

Akiacha kula, mwili unaelekea kufunga. Kijiko kimoja cha juisi kwa ajili ya ladha kinatosha, na kumbembeleza kwa sauti kunabaki kuwa huduma.

Endelea kumwamkia hata anapoonekana hayupo. Miezi mitatu ya mwisho mama hakuwa na jina la mtu wala la kitu. Kila asubuhi niliingia, nikakaa upande ambao jicho lake linaona, nikasema, "Shikamoo mama, mimi mwanao wa mwisho." Alikuwa anachelewa, wakati mwingine hadi nimeshaanza kukunja shuka. Kisha, bila kugeuka: "Marahaba."